Muhuri wa Mume Wangu

Wiki iliyopita niliishia pale mpishi wa kambi ya barabara alipoliweka begi la mume wangu juu ya kaunta ya studio na kuniuliza, "Mwenye begi hajambo? Maana sisi tulijua amefika kwako zamani."

Kwa yule ambaye gazeti lake lilikwisha kufungiwa nyama kabla hajalisoma, nieleze kwa ufupi.

Mimi ni fundi wa kuhariri picha. Mume wangu ni dereva wa greda, na watu wote wanamwita Kicheko kwa sababu hajawahi kupigwa picha akiwa amefunga mdomo. Alikwenda kutengeneza barabara mbali na nyumbani. Mwanzoni alipiga simu kila siku, kisha kila wiki, kisha simu ikawa haipatikani kabisa. Mama yake ni mgonjwa wa moyo. Akagoma kumeza dawa mpaka amwone mwanawe.

Basi mimi nikamtengenezea mwana.

Sisi wa studio kitu hicho tunakiita muhuri. Unafungua picha kwenye kompyuta, unamzungushia mtu kalamu polepole, nywele, sikio, bega, kisha unafuta kila kilicho nyuma yake mpaka abaki peke yake hewani. Ukishamhifadhi, ni wako. Unabonyeza hapa, anatokea. Unabonyeza pale, anatokea tena, na unaweza kumkuza, kumpunguza au kumgeuza upande. Ninao muhuri wa maua kwa kadi za harusi, wa mishumaa kwa matangazo ya msiba, hata wa suti tupu tunayowavisha wanaokuja kupiga picha ya pasipoti na fulana iliyotoboka. Nikaongeza na wa mume wangu.

Picha nzuri niliyokuwa nayo ni ya siku ya harusi ya shemeji, mdogo wake. Kicheko kasimama, mkono kiunoni, meno yote nje. Tatizo, mbele yake kulikuwa na kiti kilichomficha kuanzia magotini. Kwa hiyo muhuri wangu haukuwa na miguu. Kila nilipomtuma kwa mama yake, kwa laini mpya niliyodanganya kuwa ni ya kampuni, ilibidi nimsimamishe nyuma ya kitu. Nyuma ya pipa la lami. Nyuma ya ukuta. Nyuma ya meza ya ofisi, siku niliyompandisha cheo.

Mama mkwe akaanza kula, akaanza kumeza dawa, akaanza hata kunitania. Siku moja akaniuliza, "Hivi huyu mtoto siku hizi ana nini? Mbona kila siku amejificha nyuma ya kitu?"

"Ni kazi, mama. Mambo ya usalama barabarani."

"Awe anajitokeza. Hadaiwi na mtu."

Basi, nimewafikisha. Sasa tuendelee na mkosi wenyewe.

Mpishi alikuwa mtu wa haraka, lori lilikuwa linamngoja nje likiwa linaunguruma. Nikamshika mkono kama polisi.

"Kaka yangu, aliondoka lini huko kambini?"

"Kabla ya mvua kuanza. Alikuwa na homa mbaya, shemeji. Alikuwa anaongea na greda. Akapanda lori la kokoto, akasema anakwenda kwa mkewe atibiwe. Simu yake ilikuwa imeshaibiwa. Begi alilisahau kwangu jikoni."

"Na lori lilimshusha wapi?"

"Dereva wa lori naye aliacha kazi. Sisi tulisema, maadamu hajarudi, basi amependa nyumbani." Akacheka kidogo, akauona uso wangu, akaacha.

Kabla ya mvua. Wasomaji wangu, mimi nilitengeneza muhuri wake mvua ikiwa inanyesha. Nilikuwa nampandisha cheo mtu ambaye hata kambini hayupo.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mwenye studio, mzee mmoja tunayemwita Flashi kwa jinsi anavyopepesa macho, alitoka chumba cha ndani akaniangalia, akaliangalia na lile begi.

"Nenda kituoni karipoti," akasema. "Sasa hivi. Picha za tanzia nitamalizia mimi."

Flashi ni mtu mwema. Nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu ya atakayosema baadaye.

Kituoni nilimkuta afande mmoja mwenye mafua, kitambaa mkononi. Alinisikiliza vizuri tu. Akauliza urefu, rangi, alama. Nikasema, "Anacheka cheka." Akasema hiyo siyo alama.

"Sawa mama. Tunataka na ndugu yake wa damu aje aseme naye hajamwona. Ndiyo utaratibu wetu."

Ndugu yake wa damu aliye karibu ni shemeji, na shemeji nyumbani kwa mama anaziangalia picha zangu kila wiki. Nilijaribu kukwepa. "Afande, shemeji ana kazi nyingi."

"Ya kumtafuta kaka yake siyo kazi?"

Nikampigia. Akafika na simu ya mama yake mkononi, maana ya kwake ilikuwa imepasuka kioo. Hakunisalimia. Alisikiliza habari ya kupotea kwa kaka yake huku anatabasamu kama mtu anayesimuliwa sinema mbaya.

"Afande, huyu mtu hajapotea," akasema. "Tazama mwenyewe."

Akafungua picha. Kicheko nyuma ya gari jeupe, anacheka, mkono kiunoni.

"Hii ya wiki iliyopita. Hii ya kabla yake. Hii hapa yuko ofisini. Kaka yangu mzima wa afya. Huyu shemeji yangu ndiye ameachwa, sema anaona aibu kusema."

Afande akazitazama moja moja, akapenga kamasi, akanirudishia macho ya huruma. Hayo macho yaliniuma kuliko tusi.

"Mama, nenda nyumbani," akasema. "Lia kidogo, upumzike. Mwanamume akitaka kupotea kwa mkewe tu, sisi hatuna gari la kumfuata."

Nilisimama pale kaunta nikaona njia zote mbili, na zote mbaya. Nikinyamaza, hakuna atakayemtafuta mume wangu, maana kila mtu anajua yuko nyuma ya gari jeupe anacheka. Nikisema, mama mkwe atajua, na daktari alishatuonya habari ya mshtuko. Nilimfikiria yule mgonjwa anayeongea na greda. Nikapiga moyo konde.

"Afande, hizo picha nimezitengeneza mimi."

Shemeji alicheka kwa sauti. Kisha akaacha, kwa sababu mimi sikucheka.

"Umezitengeneza vipi?"

"Ni muhuri. Ni picha moja ile ile, ya harusi yako. Tazama mkono. Tazama kola ya shati imekunjika upande mmoja, zote."

Akatazama. Alitazama moja, akarudi nyingine, akarudi tena ile ya kwanza. Niliona rangi inamtoka usoni. Lakini mtu akishaumia hatafuti ukweli, anatafuta wa kumlipa.

"Afande," akasema, "aseme hivyo hivyo akiwa mbele ya mama."

"Usimwite mama," nikamwambia. "Nakuomba shemeji, moyo wake."

"Moyo wake umeukumbuka leo?"

Afande akasema maneno matupu hayasaidii, twende studio nikaonyeshe kwa vitendo. Nilishukuru. Mpumbavu mimi, nilishukuru. Nilidhani nikishaonyesha tu, watapiga simu hospitali zote, watalitafuta lile lori, na mimi nitarudi kusubiri habari kama wake wengine.

Tulipofika, mama mkwe alikuwa ameshaletwa. Shemeji alikuwa amemtumia mtu na teksi. Flashi, kwa heshima, alimkalisha kwenye kigoda cha picha za pasipoti, mbele ya kitambaa cha bluu, kwa kuwa ndicho kiti pekee kisichoyumba. Basi akakaa pale wima, mkoba mapajani, kama anayesubiri kupigwa picha.

"Mwanangu," akaniambia, "nimeambiwa una jambo la kunionyesha."

Nilipiga magoti nikamshika mikono. Nilimweleza yote, tangu simu ilipokatika. Nilimwambia nilifanya hivyo ili ale. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Nionyeshe," akasema.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikafungua ukurasa mweupe. Nikafungua mahali ninapohifadhi mihuri, nikapita maua, njiwa, mishumaa, suti. Nikamchagua yeye. Nikabonyeza.

Kicheko akatokea katikati ya weupe, anacheka, mkono kiunoni, amekatwa magotini.

Kwa kawaida ningemwekea kitu mbele. Siku ile sikuweka, nilikuwa nataka waelewe haraka. Kidole kikabonyeza chenyewe tena, na tena. Wakatokea wengine, mmoja kwenye kona, mmoja juu ya mwenzake, wote wanacheka, wote hawana miguu. Nilisikia afande anavuta pumzi kupitia kile kitambaa.

Mama mkwe aliinuka kwenye kigoda. Akasogea mpaka karibu na kioo, akaweka kidole pale magoti yanapoishia.

"Miguu yake umeiweka wapi?" akauliza.

"Mama, kwenye picha kulikuwa na kiti. Haikuonekana tangu mwanzo."

"Nimekuuliza miguu ya mwanangu umeiweka wapi."

Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza. Nilijua hapo hapo kwamba nimempoteza huyu mama, aliyekuwa ananiita mwanangu hata nilipokuwa sijui kumpikia mwanawe chai ya kunyweka.

Afande akaja upande wangu wa kiti. Mafua yalikuwa kama yamepona.

"Mama, swali dogo. Hizi picha ulianza kutengeneza baada ya simu yake kukatika. Ndivyo ulivyosema?"

"Ndiyo."

"Kambini wanasema aliondoka anakuja kwako."

"Ndivyo alivyosema mpishi."

"Na baada ya hapo wewe ukaanza kuwatumia ndugu zake picha kuonyesha yuko hai, yuko mbali, na amepanda cheo."

Ukiyapanga hivyo, hata mimi ningejikamata.

"Kwa hiyo alifika," shemeji akasema, taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Kaka alifika nyumbani."

"Angefika, mimi leo kituoni nilikwenda kutafuta nini?"

"Wanaotafuta kwa sauti kubwa tumeshawaona," afande akajibu. "Hata sisi tunawasaidia kutafuta, halafu tunakuta wamekalia maiti."

Flashi akakohoa. "Afande, huyu mama namjua. Ni mtu safi."

"Nawe ulijua anatengeneza hizi picha?"

Flashi akapepesa macho. "Niliona anafanya kazi. Hapa tunafanya kazi nyingi."

Nikaomba nikanywe maji chumba cha ndani, afande akakubali, mlango ukabaki wazi. Ni chumba kidogo chenye mtungi wa maji, mwavuli mweupe wa taa na nguo za kuazimisha wateja. Nilikunywa nikiwa nimeshikilia ukuta. Nilijiambia kwamba bado sijafika mwisho. Watakwenda nyumbani kwangu, watachimba wanapotaka kuchimba, hawatakuta kitu, na wakishachoka kunishuku watamtafuta. Atapatikana tu. Mtu mrefu vile anayecheka ovyo hawezi kukosa wa kumkumbuka.

Niliporudi, simu ya mama mkwe ikalia mlio wa ujumbe mkononi mwa shemeji.

Akaitazama. Afande akamuuliza kuna nini.

"Imeingia picha nyingine," akasema.

Akaigeuza ili wote tuione. Kitanda cha chuma, shuka ya kijani mpaka kifuani. Mtu amenyolewa kipara, mashavu yameingia ndani, mifupa ya shingo imesimama. Mdomo ameufunga. Ameangalia kamera kama mtu aliyeambiwa atulie na akakosa nguvu za kubisha.

Wasomaji wangu, mimi nimemzungushia kalamu mume wangu unywele kwa unywele. Najua sikio lake linavyokunjika kwa juu, najua kovu la nyusi. Namjua kuliko mama yake anavyomjua, kwa sababu mama yake hajawahi kumkuza akajaa kioo kizima. Alikuwa ni yeye.

"Ni yeye," nikasema. "Huyo ni yeye, mama. Yuko hai. Hiyo sikutengeneza mimi."

Nikanyoosha kidole kwenye kioo cha simu.

"Shemeji, kuna maneno chini. Soma."

Shemeji akasoma bila kuamini, kama mtoto anayelazimishwa kusoma mbele ya darasa. "Mama, shikamoo. Nilikuwa sijitambui. Namba niliyoikumbuka kichwani ni yako tu. Nimeazima simu ya muuguzi. Mwambie mke wangu aje anichukue, niko wodi ya wanaume, hospitali ya..."

"Nyamaza," mama mkwe akasema.

Shemeji akaishusha simu.

"Malizia," nikamwambia. "Malizia hapo, hospitali ya wapi?"

"Ulikuwa chumba cha ndani sasa hivi," akanijibu. "Ulikuwa na simu?"

"Simu yangu hii hapa mezani, ilikuwa hapa hapa. Muulize afande."

"Una laini ngapi wewe? Na simu ngapi? Sisi tulijua unayo moja, kumbe kaka alikuwa anaishi kwenye nyingine."

"Mtazame basi. Muhuri wangu unacheka. Huyu hacheki. Mimi muhuri wa Kicheko akiwa amefunga mdomo sina, haupo duniani, hajawahi kupigwa hivyo."

Afande akamgeukia Flashi. "Wewe ndiye mwenye studio. Fundi anaweza kumfumba mtu mdomo kwenye picha? Kumnyoa? Kumkondesha?"

Nilimtazama Flashi. Alikuwa anataka kunisaidia, niliuona huo wema usoni mwake, na alidhani njia ya kunisaidia ni kunisifu.

"Wengine hawawezi," akasema. "Lakini huyu anaweza. Huyu ndiye fundi wangu bora, afande. Akimfanyia kazi mtu, hata mama yake mzazi hatambui."

Akalisikia neno lenyewe likiwa limeshatoka. Akapepesa macho, akatazama chini.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Nipe simu yangu."

Shemeji akampa. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajafanya, na nikamkimbilia, na afande akanikamata kiuno kwa nyuma. Nilipiga kelele kwamba asifute, kwamba anipige, anifunge, anilaani, ila asifute, kwamba jina la hospitali limo mle ndani. Mama mkwe alikuwa ameiweka simu karibu na macho, anabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, kama alivyofundishwa na mwanawe mwenyewe kabla hajaondoka. Shemeji akainama akamwonyesha pa kubonyeza ili na ile namba isiingie tena.

"Mama," nikasema, "yule ni mwanao."

"Mwanangu amekufa," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa kavu. "Wewe ndiye umenionyesha leo. Sitaki kumwona tena kwa mkono wako."

Aliirudisha simu kwenye mkoba, akaufunga, akaketi tena mbele ya kitambaa cha bluu. Shemeji akamshika bega. Afande akanitaka nizime kompyuta mwenyewe, nisije nikasema wameharibu kitu, kisha nitoe mikono.

Nikazima. Wale waume zangu wote wakaondoka kwenye kioo kwa mara moja.

Nje watu walikuwa wamejaa mlangoni, wateja wa pasipoti na wapita njia, wananiangalia pingu. Nilimwambia afande njia nzima kwamba apige simu hospitali, yoyote, aulize mgonjwa aliyenyolewa, dereva wa greda. Akasema tutaongea kituoni. Akasema pia nisijichoshe, kwamba yeye mwenyewe, baada ya alichokiona leo, hata picha ya mtoto wake ataitazama mara mbili.

Kwa hiyo wiki hii naishia hapa, nikiwa kwenye benchi la mahabusu. Na mahali fulani, sijui kusini wala kaskazini, mume wangu amelala na simu ya watu mkononi. Ameshaona alama kwamba mama yake ameusoma ujumbe. Najua anachofanya sasa hivi, namjua. Anamwambia muuguzi amwachie simu kidogo tu, maana watu wake wameshasoma na wako njiani.